Siku mbili Berlin, na jina la Kariakoo

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Leo napenda tuzungumze juu ya kile tulichookota mimi na rafiki zangu wawili katika matembezi ya siku mbili mjini Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, mwezi Oktoba mwaka 2024.

Hatukwenda kwa utafiti. Tulikuwa na shughuli nyingine katika nchi ile, zikabaki siku mbili kabla ya ndege, tukasema basi tutembee tuone mji. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, mwenyeji wa Lindi. Wa pili ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mwenye duka Kariakoo kwa zaidi ya miaka 30, mtu wa mzaha mwingi. Haja yake kubwa ilikuwa kupiga picha kwenye Lango la Brandenburg, ili wajukuu waamini kwamba babu yao alifika Ulaya.

Picha ikapigwa. Lango lile lilikamilika mwaka 1791, na kando yake ulipita ukuta uliougawa mji tangu 1961 hadi 1989. Hayo kila mgeni huelezwa. Lakini Mwalimu alikuwa na lake. Akatuambia, "Jamani, hapa karibu kuna mahali pengine pa kugawanya, nako hatupelekwi na mtu. Twendeni wenyewe."

Tukatembea kama dakika kumi hivi, tukaingia barabara iitwayo Wilhelmstraße. Hapo palikuwa na makao ya Kansela Otto von Bismarck, na humo ndimo ulimofanyika ule mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 15, 1884 na kufungwa Februari 26, 1885. Jengo lenyewe halipo tena. Pana majumba ya ghorofa ya kuishi watu, na kibao cha maelezo kando ya njia. Watu wanapita na mifuko yao ya sokoni, wala hawageuki.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ramani ya Afrika ilichorwa mle ndani kwa rula. Mwalimu akatusahihisha. Alisema mkutano ule uliweka kanuni za kunyang'anyana bila wanyang'anyi kupigana wao kwa wao. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kama ile ya mikataba ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886 na 1890. Yalikuwapo mataifa 14, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, juu ya nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Peters alikuwa amerudi na karatasi zilizotiwa alama na watu ambao hawakuijua lugha iliyoandikwa humo.

"Kumbe tuliuzwa na muuzaji asiye na duka," akasema yule mfanyabiashara. Tukacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mchana tulikula kebabu kwenye mgahawa wa Mturuki, kisha tukaenda kwenye Jumba la Makumbusho ya Viumbe. Ndugu msikilizaji, ukiingia katika ukumbi mkubwa wa jumba lile unakutana ana kwa ana na mjusi wa Tendaguru. Urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Unainua shingo mpaka kofia inadondoka. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamekaa sakafuni wakimchora kwa penseli za rangi.

Mwalimu alisimama pale muda mrefu. Mifupa ile ilichimbwa katika kilima cha Tendaguru, kwao Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kumbuka kwamba vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikwisha mwaka 1907. Mashamba yalikuwa yamechomwa na njaa imeua watu wengi. Wako wanaokadiria kwamba waliokufa kwa vita na njaa walifikia 300,000. Katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye msiba huo, mamia ya watu waliajiriwa kuchimba, kufunga na kubeba mifupa. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Mizigo ilichukuliwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Uzito wake wote ulizidi tani 200. Mwaka 1937 yule mjusi akasimamishwa Berlin, na sifa zikaenda kwa maprofesa.

Hapo rafiki zangu wakaanza kubishana. Mfanyabiashara alitaka mjusi arudishwe nyumbani, hata kwa meli ya kesho. Mwalimu akamuuliza, "Tutamweka wapi, na nani atamtunza?" Mwenzake akajibu kwamba mwenye mali haulizwi ataiweka wapi. Hoja hiyo imebishaniwa sana hata katika Bunge letu, nami sina haja ya kuimaliza leo. Lakini naliona jambo moja. Tunapogombania mifupa ya mjusi, tusiwasahau wale walioibeba. Mjusi ana jina la kitaalamu, ana ukumbi na taa. Wapagazi wale, ukimtoa Boheti na wachache wengine, hata majina hawana.

Siku ya pili tulikwenda mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193. Usitazame juu, tazama chini. Katikati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu kuna kibamba cha shaba nyeupe iliyogeuka manjano kwa kukanyagwa, kidogo kama kiganja cha mkono. Kimeandikwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Mtu huyo alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na jina lake la kwanza lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, mtoto naye akaingizwa jeshini, angali na umri wa miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Serikali ikamkatalia. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa mke wa Kijerumani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni. Aliigiza pia katika sinema, na mojawapo, ya mwaka 1941, ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters. Mwaka huo huo akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akatupwa katika kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 24, 1944. Mtu aliitumikia bendera yao tangu utotoni, akaenda kudai haki yake, na malipo yake yakawa hayo.

Kutoka hapo tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika. Huko utakuta barabara za Tanga, Usambara, Zanzibar na Uganda, zote zimeandikwa kwa Kijerumani. Ilikuwapo pia barabara ya Peters, iliyopewa jina lake mwaka 1939. Huyo ndiye aliyefukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897, baada ya kuwanyonga mtumishi wake na msichana mmoja kule Kilimanjaro. Watu wa mji ule, pamoja na Waafrika wanaoishi nao, walidai kwa miaka mingi jina hilo liondolewe. Agosti 23, 2024, wiki chache kabla ya sisi kufika, barabara ilibadilishwa jina. Sehemu moja imeitwa kwa jina la Anna Mungunda, shujaa wa Namibia, na nyingine inaitwa Maji Maji. Kabla ya hapo, Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa amefika Songea na kuomba radhi mbele ya wajukuu wa walionyongwa.

Tulisimama chini ya kibao cha Maji Maji huku baridi ikituuma masikio. Yule mfanyabiashara hakutania tena. Akasema, "Mwalimu, hawa wamemwekea mtu mmoja wa Dar es Salaam jiwe lake. Na sisi je? Jiwe la wapagazi wetu liko wapi?"

Mwalimu akamtazama, akamjibu, "Wewe unafungua duka juu yake kila asubuhi."

Ndugu msikilizaji, jina la Kariakoo lilitokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, waliligeuza jengo la soko la Wajerumani kuwa kambi ya watu waliochukuliwa kubeba risasi na chakula cha majeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile hawakurudi makwao. Walikufa kwa homa, kuhara, njaa na uchovu. Mwenzetu aliuza vitenge mahali pale miaka 30, na hakuna aliyemwambia.

Mimi naona kosa si lake. Mgeni akifika Dar es Salaam kwa siku mbili tunampeleka ufukweni, tunamvusha Kigamboni, tunampitisha kwenye sanamu ya Askari, ambayo imesimama tangu mwaka 1927, kisha tunampeleka Kariakoo kununua vitenge. Hatumwambii lolote juu ya jina hilo, kwa sababu nasi hatukuulizia. Kudai haki yetu Berlin ni sawa, tena tusichoke. Lakini anayedai kumbukumbu kwa jirani na aonekane anaitunza kwake.

Wiki iliyofuata nilipita dukani kwa rafiki yangu. Juu ya mlango, chini ya jina la duka, alikuwa amemwita fundi aongeze maneno machache kwa rangi nyekundu: "Hapa walilala wapagazi." Wateja wanamuuliza maana yake, naye anawaeleza huku akiwapimia vitambaa.

Kwa leo naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.