Mbatata, Chipsi na Vibanzi

Katika lugha ya visiwani mbatata ni neno la kila siku, na aghalabu halimshughulishi mtu. Humenywa, hukatwa, hutiwa karaini, ikawa imekwisha. Lakini neno hilo la mizani nne limesafiri masafa ambayo mabaharia wachache tu waliwahi kuyafika.

Asili yake ni batata, neno la Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi, nao walilitumia kwa kiazi kitamu tu. Kiazi hiki kingine, cha kukaangwa, hawakukijua. Kwao ni milima ya Andes, kandokando ya Ziwa Titicaca, baina ya Peru na Bolivia za leo, ambako wakulima walikitoa porini wakakilea shambani miaka elfu saba iliyopita au zaidi; Wakechua hukiita papa. Wahispania walipokikuta katika karne ya 16 waliyachanganya majina mawili ya mimea miwili, wakapata patata. Wareno walibaki na batata, wakalitembeza hadi Goa na pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ambako Wamarathi mpaka leo husema batata na Wagujarati bateta. Mwambao wetu, uliofikiwa na Wareno mwaka 1498 na uliojuana na Wahindi tangu kabla ya hapo, ukalipachika m mbele, likawa la nyumbani. Hivyo Mswahili anaposema mbatata, huliita zao la mlimani kwa jina la kiazi cha kisiwani. Bara husemwa kiazi ulaya, jina linaloipa Ulaya sifa ya kitu isichokizaa.

Tena Ulaya yenyewe ilikipokea kupitia kisiwani. Hati ya mwaka 1567 inataja mapipa ya viazi yaliyopakiwa Gran Canaria, katika visiwa vya Kanari, yakipelekwa bandari ya Antwerp. Baada ya hapo kiazi kilikaa takriban karne mbili kikishukiwa. Wapo waliosema huleta ukoma, wengi wakawapa nguruwe. Mfaransa Antoine Parmentier, aliyelishwa viazi akiwa mateka wa vita huko Prussia na asiugue, alikuja kuwa mtetezi wake mkubwa, na mwaka 1772 matabibu wa Paris wakakiri kuwa chafaa kuliwa na binadamu.

Nani basi aliyekikaanga mwanzo? Hapo Wabelgiji na Wafaransa huvutana. Wabelgiji husimulia kwamba wavuvi wa Namur, waliozoea kukaanga visamaki vya mto Meuse, walipoona mto umeganda kwa baridi mnamo 1680 walikata viazi mithili ya visamaki, wakavitia mafutani badala yake. Ni hadithi tamu, na kila mtunzi angetamani kuwa ameitunga yeye, lakini haisimami. Kiazi kilikuwa hakijazoeleka katika jimbo hilo wakati huo, na mafuta yalikuwa ghali mno kwa fukara kuzamisha chakula chake ndani yake. Mwanahistoria Pierre Leclercq, naye ni Mbelgiji, amesema bila kuionea haya nchi yake kwamba chipsi zilizaliwa katika mitaa ya Paris, kwa wachuuzi. Hata Charles Dickens, katika riwaya yake ya 1859 juu ya Mapinduzi ya Ufaransa, aliviweka vipande vya viazi vya kukaanga katika mtaa wa wenye njaa wa mji huohuo.

Iko karatasi ambayo katika mvutano huo hutajwa kwa haraka, nayo yastahili kutazamwa kwa utulivu. Miongoni mwa nyaraka za Thomas Jefferson, rais wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1809, mna maelezo ya pishi kwa mwandiko wake mwenyewe, yenye anwani ya Kifaransa inayomaanisha mbatata zilizokaangwa zikiwa mbichi, kwa vipande vidogo. Pishi hilo hunasibishwa na mpishi wake Mfaransa, Honoré Julien. Lakini Julien hakupika peke yake. Katika jiko lake mjini Washington waliletwa wasichana watumwa kutoka Monticello, shamba la Jefferson huko Virginia, ili wajifunze upishi wa Kifaransa. Edith Fossett aliletwa mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 15, na Fanny Hern akafuata baadaye. Jefferson alipostaafu, Edith akawa mpishi mkuu wa Monticello. Daniel Webster, aliyekuwa mgeni huko mwaka 1824, aliandika kuwa chakula kiliandaliwa nusu kwa mtindo wa Virginia na nusu kwa mtindo wa Kifaransa. Sifa zikamwendea mwenye meza.

Jefferson alifariki mwaka 1826, akiacha madeni. Januari ya 1827 watumwa wapatao 130 wa mali yake walitangazwa kuuzwa. Joseph, mume wa Edith, mfua chuma, aliachiwa huru kwa wasia, ila mkewe na watoto waliingizwa mnadani. Msomaji wa Unguja apitaye Mkunazini, ambako soko la watumwa halikufungwa mpaka 1873, hahitaji kuelezwa mnada huo ulikuwaje. Joseph alifanya kazi miaka mingi kuwakomboa aliowaweza, na familia ikahamia Cincinnati, katika jimbo la Ohio. Mwana wao Peter, aliyeuzwa akiwa na miaka 11, hakuipata huru yake mpaka 1850. Naye huko Cincinnati akawa mchungaji, na mpishi wa karamu aliyesifika. Karatasi ina mwandiko wa bwana na jina la Mfaransa. Mikono ya Edith haikuweka saini.

Anwani ile, “zikiwa mbichi,” ndiyo penye fumbo la ufundi wote. Mbatata ni maji kwa kiasi cha sehemu nne katika tano. Ikitupwa mbichi katika mafuta makali, nje huungua kabla ndani hakujaiva. Ikitupwa katika mafuta ya uvuguvugu, hunywa mafuta ikalegea. Wachuuzi wa Paris na wa Ubelgiji walilifumbua kwa kukaanga mara mbili, na mwenye jiko la makaa nyumbani aweza kuwafuata. Achague mbatata zenye unga mwingi, akate kwa unene wa kidole, azioshe kwa maji baridi mpaka maji yawe safi, kwani wanga ulioganda juu ndio unaoshikanisha vipande na kuvipiga weusi. Kisha azifute kwa kitambaa zikauke barabara. Hapa ndipo wengi huharakisha wakaharibu. Mara ya kwanza ni mafuta ya nyuzi 150 hadi 160 za selsiasi, dakika tano au sita, ziive bila kubadilika rangi. Azitoe kwa kung'uto, zipoe. Mara ya pili moto upande hadi nyuzi 180 au 190, dakika mbili au tatu: maji yaliyobaki karibu na ganda hutoka kwa povu, na ganda hukauka likawa la dhahabu. Povu likipungua na sauti ya karai ikibadilika, ziko tayari. Chumvi ije baadaye.

Mwambao ulikuwa na jawabu lake. Mpishi wa viazi karai wa Mombasa huchemsha kwanza, kisha huvika rojo la unga lenye manjano, ndipo akakaanga, na ukwaju ukafuata. Ni kanuni ileile ya kuivisha ndani kwanza na kukausha nje baadaye, isipokuwa maji yameshika nafasi ya mafuta ya awali. Na vile vipande vyembamba vinavyonyunyizwa juu ya urojo wa Unguja vimeikwepa taabu kwa wembamba wao. Yote hayo kwa zao lisilotaka kuzaa pwani: mbatata huhitaji usiku wa baridi ili itie viazi, hivyo za visiwani huvuka bahari kutoka bara, kwenye nyanda za juu kama Lushoto na Njombe.

Limebaki jina. Chipsi ni Kiingereza kilichovishwa irabu. Wenye lugha, hasa wa Kenya, wakapendekeza vibanzi, na wamefanya tafsiri ya kuonewa wivu: kibanzi ni kipande chembamba kilichobanduka kwenye mti, ndicho kile cha Injili kilichomo jichoni mwa ndugu, na neno la Kiingereza nalo lilianza hivyohivyo, kwa seremala. Hata hivyo, anayeagiza vibanzi Forodhani usiku huenda akatazamwa kidogo, kisha akaulizwa kama anataka chipsi.