Kompaila mpya inapovuruga programu iliyokuwa ikifanya kazi

KATIKA mitaa ya Juja, palipo na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), si ajabu kumpata kijana akiunda programu za kompyuta katika chumba cha kupanga. Chukulia kwamba mmoja wao amemwandikia mwenye ploti programu ya kukokotoa bili za maji za wapangaji, kwa lugha ya C. Kwa mwaka mzima inafanya kazi barabara. Kisha kijana anaweka toleo jipya la kompaila katika kompyuta yake, na mwisho wa mwezi mpangaji anayeishi peke yake anadaiwa mamilioni ya shilingi. Hakuna herufi hata moja ya programu iliyobadilishwa. Kosa ni la nani?

Kompaila ni programu inayofasiri maagizo yaliyoandikwa na binadamu, ikayageuza kuwa lugha ya mashine. GCC, ambayo Mmarekani Richard Stallman aliitoa mwaka wa 1987, ni miongoni mwa zile zinazotumika sana duniani. Aghalabu kila toleo jipya huwa kali zaidi kwa makosa, na hodari zaidi wa kutafuta njia za mkato ili programu iende kwa kasi. Hapo ndipo matatizo huanzia.

Makosa yanayopiga kelele

Ukali huleta makosa ya wazi. GCC 10, iliyotolewa mwaka wa 2020, ilianza kuzikataa programu ambamo jina moja la hifadhi ya pamoja limetangazwa upya katika faili kadhaa. GCC 14 ya mwaka wa 2024 nayo ilianza kukataa fanksheni iitwayo kabla ya kutangazwa, ingawa kanuni za C ziliharamisha mtindo huo tangu 1999. Makosa haya huudhi, lakini si ya kutisha: kompaila hugoma papo hapo na kutaja mahali penye kasoro.

Makosa ya kimyakimya

Hatari kubwa imo katika programu inayokubaliwa bila neno, kisha ikatoa majibu ya uongo. Katika C, hifadhi ya ndani ya fanksheni isiyopewa thamani ya kuanzia hubeba chochote kilichoachwa hapo awali. Ni kama kupima maziwa kwa chombo ambacho hakijakaguliwa iwapo ni kitupu. Kompaila ya zamani ilisadifu kuacha sifuri mahali pale. Mpya ikapanga mambo vingine, na jumla ya bili ikaanzia kwenye takataka. Kikulacho ki nguoni mwako: kasoro ilikuwamo tangu siku ya kwanza.

Hata mabingwa hunaswa. Mnamo Julai 2009, ilidhihirishwa kwamba sehemu moja ya kiini cha Linux ilitumia kielekezi kwanza, ndipo ikakagua iwapo kilikuwa kitupu. GCC iliona kuwa maadamu kielekezi kimekwisha kutumiwa, hakiwezi kuwa kitupu, hivyo ikaufuta ukaguzi ule. Mlango ukawa wazi kwa mtumiaji wa kawaida kutwaa mamlaka yote ya mashine. Baadaye kiini hicho kiliamriwa kifasiriwe bila ruhusa ya kufuta ukaguzi wa namna hiyo.

Jinsi ya kumsaka mkosaji

Hatua ya kwanza ni kuziweka kompaila zote mbili, ya zamani na mpya, katika mashine moja na kuthibitisha kwamba hizo tu ndizo tofauti. Pili, maonyo yote yawashwe kwa -Wall na -Wextra, na yasomwe moja baada ya jingine. Tatu, programu ifasiriwe bila njia za mkato, kwa -O0, kisha kwa -O2. Ikifaulu kwanza na kushindwa baadaye, hiyo ni dalili, ingawa si ushahidi kamili, kwamba imevunja kanuni za lugha. Vikaguzi vya -fsanitize=address na -fsanitize=undefined huweza kuutaja mstari wenyewe.

Mkosaji akizidi kujificha, faili zigawanywe nusu kwa nusu: nusu zifasiriwe kwa kompaila ya zamani, nusu kwa mpya, kisha ziunganishwe. Nusu yenye hitilafu igawanywe tena. Programu yenye faili 64 huhitaji migawanyo sita tu kabla ya kubaki faili moja.

Je, kompaila yenyewe haikosei? Hukosea. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walieleza kwamba kwa miaka mitatu chombo chao, Csmith, kiliwasaidia kugundua zaidi ya kasoro 325 katika kompaila za C. Hata hivyo, anayetaka kuilaumu sharti kwanza apunguze programu hadi mistari michache inayoonyesha kosa, na ahakikishe kuwa mistari hiyo haivunji kanuni.

Kwa kijana wa Juja, tiba ni kuandika sifuri mahali pamoja. Lakini bili zilizokwisha kutolewa sharti zikokotolewe upya, kwani si kila kosa hufika mamilioni. La shilingi mia mbili hulipwa bila kuulizwa. Ndiyo maana inafaa kuhifadhi masomo ya mita ya miezi iliyopita pamoja na bili zilizohakikiwa kwa mkono, na kuyapitisha katika programu kila kompaila inapobadilishwa, kabla mpangaji yeyote hajadaiwa.