Kilichoitwa Baridi Tu

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa nyikani, ameshaiacha milima ya Taita, anaelekea Uchagani, alipoona weupe fulani juu ya mlima. Akamuuliza mwongozaji wake ni kitu gani kile. Jibu lilikuwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Kule London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, akambishia kwa miaka mingi. Theluji karibu na ikweta? Macho yamemdanganya huyo.

Mi humkumbuka yule mwongozaji saa nane za usiku, hapa Voi, nikiwa nimelala chali na kofia ya jeli kichwani. Kofia yenyewe hukaa kwa friza ya mama wa duka, mtaa wa nyuma, kati ya maziwa na samaki. Ikitoka huko ni ngumu kama jiwe. Kwa dakika ishirini hivi nasahau kwamba nina jicho la kushoto. Halafu joto la Voi linakumbuka kazi yake.

Ugonjwa wangu kwa Kiswahili unaitwa kipandauso, na sijaona lugha iliyoupa jina bora zaidi. Galen, tabibu wa enzi za Warumi, aliuita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya nusu ya kichwa, na humo ndimo Wazungu walimotoa jina lao. Waarabu wanasema shakika, nalo linahusu nusu vilevile. Wote hao walipima eneo. Sisi tuliangalia mwendo: kitu kinapanda, kinakwea uso taratibu kama mtu anayejua anakokwenda. Mara nyingine kabla ya maumivu naona vimulimuli pembeni mwa jicho, ndipo najua safari imeanza.

Mwaka mmoja baada ya Rebmann kuuona mlima, yaani 1849, daktari Mwingereza James Arnott alichapisha maelezo ya jinsi alivyotibu maumivu, ya kichwa yakiwemo, kwa barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi. Chumvi huishusha barafu chini ya nyuzi sifuri, ndiyo maana mchanganyiko ule ulitia ganzi haraka. Kwa hiyo Uingereza ile ile ilikuwa na mtu mmoja anayeweka barafu kwa vichwa vya wagonjwa, na mwingine anayekataa katakata kwamba mlima wa Afrika unaweza kuvaa barafu yake wenyewe. Hii huwa inanichekesha, hasa siku ambazo kichwa hakiniumi.

Huku kwetu historia ya kofia na joto ilikwenda njia nyingine. Reli ilipojengwa kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka 1915, na jeshi likajikusanya kwa vita vya Salaita vya Februari 1916, Wazungu wengi waliamini kwamba jua la ikweta linapenya fuvu na kudhuru ubongo. Wakavaa helmeti nene, wengine wakazilowesha maji ili zipoe. Kulikuwa na hata vitambaa vya kukinga uti wa mgongo. Pembeni yao walitembea wapagazi wa Kariakor, mzigo kichwani juu ya kata, jua lile lile. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa. Nikipita karibu na makaburi ya wanajeshi hapa Voi huwa najiuliza ni wangapi kati ya wapagazi waliobeba sanduku la risasi huku kipandauso kikipanda. Kumwambia nani?

Naijua hiyo kumwambia nani. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya kukosa mitihani miwili nikiwa nimelala gizani, ndoo kando ya kitanda. Nilipeleka barua ya daktari. Nikaambiwa kila mtu huumwa na kichwa.

Bibi yangu Wundanyi hakuhitaji barua. Alilowesha leso kwa maji ya kijito, akaikamua, akanifunga kuanzia paji la uso hadi kisogoni, kisha akafunga dirisha. Leso ikipata joto analowesha tena, usiku kucha. Nilipokua nikasoma kwamba mwaka 2006 madaktari wa Uturuki waliwajaribia wagonjwa 28 kofia ya jeli baridi, na kwamba mwaka 2013 watafiti wa Hawaii walifunga baridi shingoni, pale mishipa mikubwa ya damu inapopita karibu na ngozi, na maumivu yakapungua ndani ya nusu saa. Baridi hubana mishipa na kupunguza kasi ya neva kupeleka habari za maumivu. Haiponyi. Inakununulia muda.

Nami nilitaka kununua usiku mzima. Hapo ndipo nilipokosea. Usiku mmoja nilivaa kofia moja kwa moja kwenye ngozi, nikameza dawa, usingizi ukanichukua. Asubuhi jeli ilikuwa vuguvugu kama uji, lakini juu ya nyusi nilikuwa na alama nyekundu iliyowasha siku tatu. Baridi nayo huunguza. Rebmann alisimuliwa Machame kwamba mfalme Rungua aliwahi kutuma watu juu kwenye ule weupe, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibika.

Siku hizi naweka leso kati ya kofia na ngozi, dakika kumi na tano, navua. Alamu ya simu inaniamsha. Nina kofia mbili zinazopokezana, isipokuwa stima ikipotea, na hapa haikosi kupotea. Ikipotea narudi kwa leso na beseni, kama bibi.

Desemba nilipanda kwake. Asubuhi kulikuwa kweupe, na kutoka juu huko Kibo ilionekana. Tangu 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Tulisimama tukaitazama mpaka jua likawa kali, bibi akaniambia niingie ndani kabla kichwa hakijaanza.

Niliporudi Voi mama wa duka alikuwa amehamisha vitu kwa friza. Akaniuliza, kofia niiweke tena kando ya samaki ama?