Thika Cloth Mills: Jora Tangu 1958

Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikabeba kahawa na mkonge. Viwanda vilifuata, na mwaka 1958, miaka mitano kabla ya Uhuru, kiwanda cha nguo cha Thika Cloth Mills kikawasha mitambo.

Kiwanda hiki kilikusanya hatua zote mahali pamoja. Pamba huingia kwa marobota, ikasafishwa na kusokotwa uzi. Nyuzi za mtande hutiwa wanga zisikatike, mshindio ukapita kati yake, kisha kitambaa hupaushwa, hutiwa rangi au huchapwa. Kinachotoka ni jora.

Jora halivaliki bila fundi cherehani. Kwenye baraza za maduka na vibanda vya soko, Thika hadi Ruiru, fundi hupima kwa utepe, hukata na kushona, na Januari halali usingizi kwa sababu ya sare za shule. Ruiru nako kiwanda cha Spinners & Spinners huleta mablanketi na nyuzi za kufumia.

Baada ya Uhuru, ushuru mkubwa ulivikinga viwanda vya nguo. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikafurika, kilimo cha pamba kikadorora. Kiwanda cha KICOMI cha Kisumu kilifungwa. Rivatex ya Eldoret ilizimika hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Thika Cloth Mills haikuzimika. Mitumba huleta shati la kila namna, lakini hailetei shule nzima sketi za rangi moja. Anayefuma kitambaa cha sare ana mteja anayerudi kila mwaka, kwani watoto hawaachi kukua.

AGOA, mpango wa biashara wa Marekani kwa nchi za Afrika, ulipofungua soko la Marekani mwaka 2000, ajira za kushona ziliongezeka Ruaraka na Athi River. Hata hivyo, sheria ya mpango huo iliruhusu kitambaa cha Asia, na wafumaji wa Kenya wakaambulia kidogo.

Leo kizingiti ni pamba. Mashamba ya Busia, Lamu na Makueni hayatoshi, hivyo viwanda vya Kenya hununua pia Uganda na Tanzania. Mwaka 2020 serikali ilizindua kilimo cha pamba ya Bt inayostahimili viwavi. Mbegu pekee haitamrudisha mkulima shambani. Atarudishwa na bei nzuri inayolipwa kwa wakati. Mitambo Thika ipo, na mafundi wapo.