Vibuyu vya Mapambo

Kibuyu cha mapambo ni tunda lililokaushwa la mmumunye, mmea utambaao wa jamii ya maboga, uitwao kisayansi Lagenaria siceraria. Asili yake ni Afrika. Gamba likikauka huwa gumu kama mbao, na kabla ya kuja kwa madumu ya plastiki ndilo lililobeba maji, maziwa na pombe.

Ulaya na Marekani, vibuyu hupangwa kwenye vyungu vya maua kati ya Septemba na Novemba, majani yanapopukutika. Vingi ni vya mmea mwingine, Cucurbita pepo: vidogo, vya manjano na kijani, navyo hufifia baada ya miezi michache.

Ujiji, mkoani Kigoma, haina majira hayo. Hapa kalenda ni mvua, inayoanza Oktoba au Novemba na kukatika Mei. Mmumunye ukipandwa mvua za kwanza hupanda uzio au chanja, hutoa maua meupe yanayofunguka jioni, na matunda hukomaa kiangazi kikiingia. Juni hadi Agosti, jua na hewa kavu ya kandokando ya Ziwa Tanganyika humalizia kazi.

Subira ndiyo siri. Kibuyu kikichumwa kichanga hunyauka na kuoza. Kiachwe hadi kikonyo kikauke, kisha kianikwe kivulini penye hewa. Ukungu juu ya ngozi usimtishe mtu. Maadamu gamba halibonyei, hukwanguliwa kwa kisu butu. Kikitikiswa mbegu zikacheza ndani, kiko tayari.

Nakshi huchorwa kwa chuma cha moto au ncha ya kisu, au kibuyu hushonewa shanga na kauri. Wakamba wa Kenya wanasifika kwa ufundi huu, na huko Kitui kikundi cha kina mama cha Kyanika kimekusanya mbegu na maarifa ya vibuyu visipotee, kazi inayostahili kuigwa Kigoma.

Vibuyu vikipangwa barazani, chungu au ndoo ya maua iwe na matundu chini. Juu ya udongo hutandazwa kokoto za ufukweni, kwa kuwa kibuyu kikigusa unyevu huoza kuanzia kitako. Vyenye shingo ndefu hukaa nyuma, vya mviringo mbele.

Mumunye lenye ladha chungu lisiliwe kamwe. Lina sumu isiyoondoka hata kwa kupikwa, hivyo watoto waonywe.