Danzón No. 2: Fahamu ngoma ya wazee wa Veracruz inayobamba bendi za wanafunzi

Wasee wengi hudhani muziki wa bendi ya matarumbeta ni wa gwaride tu. Danzón No. 2 ni ya kudensi, na ilitoka kwa wazee.

Nani aliitunga?
Ni Arturo Márquez wa Mexico, aliyezaliwa 1950 huko Álamos, jimbo la Sonora. Buda yake alikuwa mwanamuziki wa mariachi. Ngoma yenyewe ilipigwa mara ya kwanza Machi 1994 na okestra ya chuo kikuu cha UNAM, Mexico City.

Veracruz inaingilia wapi?
Márquez alikuwa amesomea muziki wa darasani. Danzón alionjeshwa na mabeste wawili, mchoraji Andrés Fonseca na mcheza densi Irene Martínez, waliompeleka kumbi za densi za Veracruz na ile ya Salón Colonia, Mexico City. Veracruz ni mji wa bandari wenye rangi zake: karnivali, marimba, na wazee waliovaa safi wakicheza danzón kwenye uwanja wa katikati ya mji. Hapo ndipo akaona si mchezo wa wazee tu. Polepole yake ina mahaba na huzuni ndani.

Mbona inaskika ka rhumba?
Asili ni moja. Danzón ilianza Cuba, ambako Miguel Faílde alipiga ya kwanza mjini Matanzas 1879, kisha ikavuka bahari hadi Mexico. Midundo yake ina damu ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Inapigwa aje?
Klarineti moja inaanza pole, obo inajibu, na nyuma yao vijiti viwili vya mbao vinagonga mdundo. Mwenye vijiti akiteleza, wote wanapotea. Ngoma inapanda, inatulia, inapanda tena, kama dakika kumi hivi.

Ilishika lini?
2007, Gustavo Dudamel na vijana wa Venezuela waliizungusha Ulaya na Marekani. 2009, Oliver Nickel akaipanga upya kwa bendi isiyo na violini. Tangu hapo wanafunzi wengi wameishika.

Leo Wamexico huiita wimbo wao wa pili wa taifa. Salón Colonia ilishafungwa, lakini densi ya wale wazee bado iko, na sasa iko mikononi mwa vijana wa miaka kumi na tano.