Watoto 21 kwa Mmoja: Historia ya Chanjo Iliyojaribiwa Lilongwe

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yalifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Kutoka hapo hadi Lilongwe ni safari fupi ya barabara. Mama wa Kikongo aishiye Dzaleka na mama Mchewa wa kijiji jirani huiogopa homa moja, malaria. Kwa hiyo habari ya chanjo iliyojaribiwa Lilongwe inawahusu wote wawili.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo iitwayo RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Lilongwe ilikuwamo, pamoja na Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Waliandikishwa watoto 15,459. Theluthi mbili walipewa chanjo mpya. Waliosalia walidungwa chanjo nyingine (wale wakubwa, ya kichaa cha mbwa) ili pawe na kipimo cha kulinganisha. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi. Iliteuliwa pia kamati huru ya wataalamu, kazi yake ikiwa kuchunguza usalama wa watoto jaribio likiendelea.

Miongoni mwa walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Faida hiyo si haba. Lakini daftari lilelile lilikuwa na tarakimu ya kutisha: homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, iliwapata watoto 21 waliochanjwa, na mmoja tu upande wa pili. Waliochanjwa walikuwa maradufu, ni kweli. Tofauti bado ilikuwa kubwa. Baadaye ikaonekana pia kwamba vifo vya wasichana vilizidi upande wa chanjo.

Je, yalikuwa madhara au sadfa? Ugonjwa adimu hauwezi kuamuliwa kwa maelfu machache ya watoto, huhitaji malaki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikuipitisha chanjo moja kwa moja. Malawi ilianza kuitoa kwa majaribio tarehe 23 Aprili 2019, zikafuata Ghana na Kenya, huku magonjwa na vifo vikihesabiwa. Dalili zile hazikujirudia, na tarehe 6 Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa rasmi.

Hata hivyo, mwaka 2020 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha lawama: wazazi hawakuombwa ridhaa ya maandishi, bali kumleta mtoto kliniki kulihesabiwa kuwa kukubali. Shirika lilijibu kwamba chanjo ilitolewa katika utaratibu wa kawaida wa chanjo za watoto. Jibu hilo halinitoshi. Palipokuwa na shaka ya kuchunguzwa, mama alistahili kuelezwa shaka hiyo kabla mwanawe hajadungwa, na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu: Kichewa kwa mmoja, Kiswahili kwa mwenzake wa Dzaleka.